Hauvunjiki, Wanasema

…hauvunjiki, ndivyo karatasi inavyosema, na mimi nitalisema neno hilo hewani baada ya dakika tatu, kwa sauti ile ile ninayotangazia mvua, usimbaji fiche wa programu hii mpya ya ujumbe hauvunjiki, hakuna atakayesoma siri zako, na nani kathibitisha, wenyewe walioitengeneza, taa ya studio haijawaka, fundi mitambo ananiambia kupitia kioo, "Dada Sauti, kohoa kabisa sasa hivi, usije ukatukoholea hewani," nacheka, meno tu, maana kaka yangu anasikiliza redio, yuko stoo ya dawa hospitalini na picha ishirini kwenye simu, maboksi ya dawa yaliyobandikwa tarehe mpya ya kuisha muda juu ya ile iliyokwisha pita, asubuhi kanipigia, "Dada, ukisema hauvunjiki, nazituma kwa programu hiyo kwa mwandishi wa gazeti, nakuamini wewe," mimi, niliyepewa karatasi na mhariri, naye kapewa na kampuni, neno kwa neno, nilimuuliza mhariri nani amejaribu kuuvunja, akasema, "Bibie, wewe soma, uhandisi waachie wahandisi," nikaichukua karatasi, kama nilivyoichukua ile ya mwaka juzi, nikasoma kuwa maji ya bomba ni salama, mama akaacha kuchemsha, siku nne wodini, kaka kamshikia beseni, na bado ananiamini, huyu mtu vipi… na hata usimbaji uwe chuma, simu yake haina nenosiri, binti yake anaichezea, bosi akinyoosha mkono tu, hebu nione simu yako, kwisha kazi, nani ahangaike kuvunja chochote, watamfukuza, na nyumba ni ya hospitali, wifi yangu ana mimba ya miezi saba, wataenda wapi… simu yangu iko nje, hairuhusiwi humu, fundi tena, "Dakika moja, dada," nina neno tu, hauvunjiki, hauvunjiki, linateleza mdomoni kama sabuni, lakini haujavunjwa, hilo lina kokoto ndani yake, kalamu, nakata, naandika juu, watengenezaji wanasema haujavunjwa, mhariri atanijia juu, aje, ila kaka atalisikia kweli? anahesabu vidonge, sikio moja, taa haijawaka, nitaikanyaga silabi moja ya haujavunjwa kwa mguu mzima, ja, kaka, uliyekuwa ukinicheka nikisoma kwa kukaza, cheka leo, lakini sikia, ja, maana yake bado, usitume, maana yake subiri nije…