Hewa Ilipozidi Mafuta

Jumanne saa tatu asubuhi gari la mkunga liliingia gereji likiwa juu ya ardhi kiasi cha shibiri moja. Fundi alikuwa anakaza breki za pikipiki. Aliinua macho, akaliacha gogo alilozoea kuzuilia magurudumu, akachukua kamba na kulifunga gari kwenye nguzo.

"Tangu lini, wifi?" aliuliza.

Fundi alikuwa mjane wa kaka yake mkunga. Gereji ile, spana zake na wateja wake wakorofi, vyote alirithi kwa marehemu.

"Wiki ya pili hii. Likiwa tupu, shibiri. Nikipakia mzazi, vidole vinne."

"Na mlimani?"

"Linakohoa, halina nguvu. Jana limenizimikia katikati ya mlima, ndani mna mama mwenye uchungu. Na likizima linashuka. Taratibu, sikatai, lakini linashuka."

Fundi alifungua boneti, akachomoa plagi zote nne na kuzipanga kiganjani. Zilikuwa nyeupe kama chaki, wakati plagi ya injini yenye afya huwa ya kahawia hafifu.

"Mafuta kidogo, hewa nyingi," alisema. "Linashiba upepo. Ndiyo maana linapaa, na ndiyo maana linaungua ndani kwa ndani. Ukiliacha hivi, pistoni zitatoboka."

"Basi litibu. Mimi wagonjwa wangu siwaambii rudi kesho."

Alianza na filta ya mafuta, akaikuta safi. Pampu nayo ilisukuma vizuri. Kwa hiyo mafuta yalikuwa yanafika, ila kuna mahali hewa ilikuwa inaingia bila kupiga hodi. Akawasha injini, akachovya brashi kwenye maji ya sabuni na kupaka mpira mmoja baada ya mwingine. Alipofika kwenye mpira mwembamba nyuma ya injini, povu lilifyonzwa likatoweka, mngurumo ukatulia, na gari likashuka vidole viwili. Palikuwa na ufa usiozidi punje ya mchele. Alikata mpira mpya, akaufunga, akaukaza kwa klipu. Gari likakaa chini kwa matairi yote manne, na mkunga akaenda zake akishukuru.

Alhamisi alirudi. Injini ilikuwa inanguruma vizuri kuliko siku zote, lakini uso wake haukuwa na raha.

"Mlima linaupanda kama mbuzi," alisema. "Tatizo ni tambarare."

Tambarare ilikuwa kilomita kumi na moja za barabara ya kwenda hospitali. Kwenye makaratasi ya ofisi ya barabara ilikuwa lami tangu miaka mitatu iliyopita. Machoni ilikuwa mashimo, na kati ya shimo na shimo, ncha za mawe. Kwa wiki mbili wazazi walikuwa wamepita juu yake kama waliolala kwenye godoro. Jana yake mama mmoja alirushwarushwa mpaka akang'oa mshikio wa mlango. Mtoto alizaliwa njiani, mzima, ila mama alipoteza damu nyingi na bado alikuwa amelazwa.

"Nirudishie ufa wangu, wifi."

"Nikikurudishia, mwezi hauishi huna injini."

Fundi alikaa juu ya tairi, akaligeuza jambo hilo kichwani mpaka chai yake ikapoa. Gari lililo hewani kwenye tambarare halina linachokokota, kwa hiyo injini haichoki. Kinacholiunguza ni mlima. Akainuka, akatafuta koki ndogo ya shaba, akaiunga kwenye mpira na kuivutia waya hadi karibu na usukani.

"Tambarare, fungua. Mlima, funga. Ukisahau usije kunililia."

Ijumaa walilijaribu pamoja, beseni la maji likiwa kwenye kiti cha nyuma. Walienda na kurudi bila tone kumwagika. Fundi akachomoa plagi, akazikuta za kahawia, akamkabidhi wifi yake moja aitazame. Mkunga aliishika kama anavyoshika mtoto mchanga, akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile.

Mkunga aliiandikia barua ofisi ya barabara pia, na mkaguzi akatumwa. Gari la mkaguzi lilivunjika kwenye shimo la pili. Mkunga alikuwa anapita na mzazi, akampa lifti. Mkaguzi alikaa mbele akiandika kwa mwandiko mzuri ulionyooka.

"Bwana mkaguzi, tuko hewani," mkunga alimwambia.

"Naona, mama. Lakini fomu inauliza kama abiria anatikisika."

Akaandika kwamba hatikisiki.

Mwezi uliofuata walifika gereji dereva wa basi la shule, muuza maziwa na dereva wa teksi, kila mmoja akitaka koki. Fundi aliagiza boksi zima, na kwa kila gari alitazama plagi kwanza. Baada ya muda hakuna tairi lililogusa barabara ile. Nyasi ziliota, udongo ukajaa kwenye mashimo, na wanawake wa kando ya barabara wakapanda maboga humo. Yalistawi sana. Madereva walizoea kufungua koki nusu mzunguko zaidi wakifika hapo, wasiyaparuze.