Eneo Lisilo na Maskini

Mkwe alimpakia mama mkwe kwenye toroli la kubebea mchanga, amekalia mto, kanga imefunika miguu, akalisukuma mpaka ofisi ya ustawi kuomba kiti cha magurudumu. Kila kukicha alimbeba mgongoni, chooni, juani, kitandani, na sasa kiuno chake mwenyewe kilikuwa kimeanza kukataa. Viti vilikuwepo. Vilionekana dirishani mwa stoo, bado vimevaa nailoni.

"Usiseme 'maskini'," mtunza stoo alimnong'oneza mlangoni. "Mkuu ametoka semina. Siku hizi ni 'mwenye fursa'."

Mkuu wa ofisi, kijana nadhifu mwenye tai, aliwapokea vizuri kweli.

"Shikamoo mama. Karibuni, wenye fursa."

"Marahaba mwanangu. Fursa gani tena, na hii miguu imekufa?"

"Mama, hapa hatutumii lugha ya kukata tamaa."

"Mimi sijakata tamaa, baba. Miguu ndiyo iliyokata."

Mkwe alimfinya bega anyamaze, akaomba kiti kwa heshima zote. Mkuu akatikisa kichwa. Viti vililetwa kwa ajili ya maskini, alieleza, na tangu mwezi jana eneo hili halina maskini hata wa dawa. Wote wamekuwa wenye fursa. Wakubwa wameshampongeza. Ijumaa viti vinarudishwa.

Mkwe aliona machozi yanamjia. Akaligeuza toroli kwa hasira, gurudumu likagonga kizingiti, mama mkwe huyo chini, na mto wake.

"Jamani, mwenye fursa," alisema karani mmoja, kalamu mkononi.

"Mwenye fursa kaanguka," akaitikia mwenzake.

Wakabaki wamekaa. Neno lile jipya halikumnyanyua mtu kitini.

Mkuu ndiye aliyeruka meza. "Maskini, maskini mama wa watu," alisema, na kabla hajajua ametamka nini alikuwa ameshapiga magoti, mikono imemwingia mama kwapani, tai inafagia sakafu.

Mtunza stoo akakohoa. "Mkuu, kumbe amebaki mmoja?"

Mkuu aliitazama barua ya pongezi ukutani, kwenye fremu yake. Akamtazama mama aliyemwegemea kifuani.

"Toa kiti kimoja," alisema chinichini. "Andika kimepotea."

Mama mkwe akakalishwa juu ya kitu kilichopotea, nailoni ikilia chini yake. Akajiweka sawa, akamwambia mkwewe, "Sukuma upesi, mwanangu, kabla hakijapatikana."