Kilio Nje ya Baryeri

Kartie yetu, yaani mtaa wetu, ilikuwa na barabara yake yenyewe, na kila mgeni aliyekuja kwangu nilimwambia hilo kabla hajakaa. Ni mwaka ule wa hamsini na sita, hapa Kasongo, tulipohamia nyumba za matofali walizojengewa waevolue, yaani makarani, wauguzi na walimu, watu waliokula kwa uma hata kama hakuna Mzungu anayewatazama. Mume wangu Marcellin alikuwa karani wa pamba. Mimi masomo yangu niliyapata sokoni.

Barabara ile kwanza ilikuwa ya Leta, ya serikali, kama barabara zote. Watu wa cité, ule mtaa wa watu wote tulikotoka, walipita pale kwenda sokoni: wanawake na vikapu vya mihogo, baiskeli, mbuzi na wenye mbuzi. Mimi nilikaa mlangoni nikiwaita kwa majina, na kabla jua halijawa kali nilikuwa nimejua nani amefukuzwa na mumewe, nani ana mimba, na nani anaikana. Kisha komite ya kartie ikaenda kwa mkubwa wa Leta. Mbele alikuwa Octave, muuguzi, mtu wa viatu vyeupe, jirani yetu mlango kwa mlango.

"Tutaitengeneza sisi wenyewe," Octave alimwambia. "Mashimo yake, mitaro yake, chokaa ya mawe yake. Lakini iwe yetu."

Mzungu akafurahi. Nani anakataa kupunguziwa kazi? Basi komite ikaweka baryeri pale barabara yetu inapokutana na ile kubwa ya kwenda Kabambare: mwanzi mrefu wa rangi nyekundu na nyeupe, na jiwe limefungwa nyuma ili upande upesi. Ikaweka na sentineli wa kuilinda, Ismaël. Mbele ya nyumba zetu ikajengwa trotwari ya simenti, ya kutembea tu. Hapo hapakaliwi, hapatwangwi, hapaanikwi mihogo. Mgeni bila ruhusa haingii.

"Sasa tunakaa kama watu," Marcellin alisema. Komite ilipopiga kura, alikuwa amenyoosha mkono pamoja na wengine.

Nyumba yangu ikanyamaza. Kule cité sikuwahi kupika chungu kidogo, maana hukujua nani atatokea. Huku nilinunua sufuria ndogo, na bado chakula kilibaki.

Siku nilipopata habari nilikuwa nachambua mchele. Ismaël alikuja mpaka dirishani, kofia mkononi.

"Mama Léocadie, iko dereva wa kamyo ya pamba pale baryeri. Ametoka Kabambare. Anasema mama yako Mwanvua amekufa. Wameisha kumuzika. Anauliza kama umesikia."

"Mwambie nimesikia," nikasema.

Akaenda. Nikaendelea kuchambua mchele. Nilitoa vijiwe vyote, nikauosha, nikaupika, na Marcellin aliporudi kutoka ofisini alikuta meza iko tayari. Alipokwisha kula ndipo nikamwambia. Akaacha uma. Akaniuliza kwa nini sikumtuma mtu kumwita. Nilikuwa natazama mdomo wake unavyofunguka.

Sasa lazima nieleze jambo moja la ukoo wa mama yangu. Kwetu, mtu akifiwa mbali, hana kaburi la kulilia, basi wajomba, wakiisha kuzika, hutoka kaburini wakamfuata. Pale watakapokutana naye, macho kwa macho, ndipo wanapowasha moto wa kilio. Moto huo hauhamishwi wala hauzimwi mpaka siku ya kunyoa nywele. Nao, tangu kaburini mpaka moto uwake, hawali kitu. Kwa hiyo mfiwa anakaa ndani ya nyumba yake na kungoja, asitoketoke, asije akakutana nao mahali pabaya. Kuna shangazi yetu mmoja alikwenda kuchota maji, akakuta wajomba wanavuka kisimani. Walilia palepale kisimani siku zote, na watu wakichota maji waliwaruka miguu. Mpaka leo watoto wake wanaitwa watoto wa kisima.

Nikangoja. Kaburi sikuliona, maiti sikuiona. Kilichobaki kwangu ni kile kilio, kifanyike mlangoni pangu, watu wajae mpaka barabarani, ijulikane kwamba Mwanvua alizaa. Marcellin alitoa viti nje, akavirudisha, akavitoa tena. Nilitaka nimwambie wajomba zangu hawakai kwenye viti, lakini maneno yalikuwa mbali.

Walifika mchana wa siku ya pili, juu ya magunia ya kamyo. Nyumba yetu haikuwa mbali na baryeri, nilisikia kila kitu. Nilisikia kwanza kikohozi cha mjomba Hemedi, mdogo wa mama, kikohozi cha tumbako nilichokijua tangu utotoni. Kisha sauti za wanawake, wengi. Kisha Ismaël.

"Muna ruhusa ya komite?"

"Tuna maiti," mjomba akasema. "Tumeiacha kule chini. Tunatafuta mutoto wake."

"Pole, muzee. Lakini barabara hii ni ya wenyewe."

"Na hii ninasimama mimi?"

"Hiyo ya Leta."

"Hiyo naijua. Dada yangu aliibebea mawe kwa kichwa, wakati wa kazi ya nguvu, na huyo Léocadie mugongoni. Sasa mwenyewe wa hiyo yenu ni nani? Alibeba mawe gani?"

Mwanamke mmoja akadakia, "Sentineli, munafuga nini humo ndani? Simba?"

"Wanafuga kimya," mwingine akasema. "Sikia. Hata kuku hakuna."

Wakacheka, wachovu wale, kwa njaa na vumbi la njia yote ile. Nami nilikaa kitandani nikisikia wanavyocheka.

Marcellin alikwenda kwa Octave. Alirudi amekunja midomo.

"Anasema pole sana. Wawili wanaweza kuingia, kimya, na watoke kabla ya giza. Kwa wote, mpaka komite ikutane. Kesho jioni."

"Hawajala," nikasema.

"Nitawapelekea chakula."

"Hawatakula, Marcellin."

Alijua. Alinioa kwa wajomba haohao, aliketi kwenye mikeka yao, alijua vizuri sana. Nikasimama, nikajifunga kitenge kiunoni.

"Léo, kaa," akasema. "Ukitoka mutakutana pale, na kilio kitakuwa pale. Kwa vumbi. Mbele ya kila mutu anayepita. Bibi ya karani! Nyumba iko, sebule iko, taa iko, na wewe unaenda kulala kwa mutaro? Ngoja mpaka kesho tu. Nakuomba."

Alisema kweli. Ningengoja, labda wangeingia wote, na kilio kingekuwa mlangoni pangu kama nilivyotaka. Labda wangeingia wawili. Na usiku huo mjomba wangu angelala na njaa kando ya mwanzi, yeye na wanawake waliomuosha mama yangu.

Sikuamua kwa ushujaa, watu wasinisifu bure. Niliona miguu yangu inatoka nje. Nilipita juu ya trotwari, maana ndivyo tulivyozoeshwa. Simenti ilikuwa na joto la jua. Régina, mke wa Octave, alikuwa barazani kwake na sindano ya kushonea. Alinitazama nikipita, nami nilimsalimu kama siku yoyote.

"Mama, nifungue?" Ismaël akauliza, kwa sauti ya chini.

"Kutoka kunahitaji ruhusa?"

"Hapana. Kutoka hapana."

Hata hivyo hakusubiri, alikwisha kulisukuma jiwe, mwanzi ukapanda.

Wanawake walinipisha. Mjomba Hemedi alikuwa amezeeka. Aliweka mkono juu ya kichwa changu, akauacha hapo, mzito.

"Ni hapa?" akauliza. Lazima aulize, ndiyo desturi.

Nilitazama nyuma. Viti vya Marcellin vilikuwa bado nje, vimepangwa.

"Ni hapa, mujomba."

Akapiga magoti kati ya barabara na mtaro, akang'oa nyasi kwa mikono, akawasha. Moto uliposhika, wanawake wakapasua kilio, wote kwa mara moja, na mtu akanivuta chini, nikaanguka katikati yao.

Watu wa cité walisikia. Kabla ya jioni walijaa, wale wote ambao sikuwaona tangu baryeri ilipowekwa. Walileta mikeka, kuni, sombe ya majani ya mihogo, samaki wa Nyangwe, na habari. Yule aliyekuwa na mimba alikwisha kuzaa, mtoto anafanana na yule aliyekana, mpaka sikio. Nilisikia habari zote. Siku nyingine ningecheka hadi nishike mbavu. Kapita, msimamizi wa watu wa kutengeneza barabara ya Leta, alikuja na koleo lake, akasimama juu yetu, tukafikiri anatufukuza.

"Mukae sawa tu," akasema. "Lakini miguu irudi huku. Ajan, ule Muzungu wa Leta, anapita na gari yake, hatazami chini." Akaweka koleo, akakaa, akala.

Mimi sikulia. Nilishikwa mabega nikatikiswa, nikaimbiwa, nikapakwa majivu. Machozi hayakuja. Nilitazama mwanzi ule mwekundu na mweupe, nikahesabu rangi zake, nikakosea, nikaanza tena.

Kila jioni Marcellin alitoka ofisini, akaja mpaka kwenye baryeri, akasimama upande wake. Alivua kofia. Alimsalimu mjomba wangu kwa heshima zote, mwanzi ukiwa kifuani mwake.

"Mukwe," mjomba alimwambia, "mbona unasimama kama mutu anangoja kamyo? Mukeka iko."

"Komite inakutana, mujomba. Ile ya juzi haikutimia, wengine walikuwa na kazi. Nikikaa hapa kabla hawajasema, watasema nimechagua."

"Basi chagua."

Marcellin alicheka kidogo, kicheko cha ofisini. Alinitazama. Nilimtazama. Aliacha kitu kilichofungwa kwa kitambaa, sabuni na nguo safi, Ismaël akanipitishia chini ya mwanzi. Kisha akarudi, na nikaona taa ya sebule yetu inawaka, na kivuli chake peke yake mezani.

Siku ya kunyoa, mjomba alininyoa mwenyewe, kwa wembe na maji ya baridi. Moto ukazimwa kwa maji yaleyale. Wanawake walikuwa wanakung'uta mikeka wakati baryeri ilipopanda, na Octave akatoka kwa viatu vyake vyeupe, Marcellin nyuma yake.

"Komite imekubali," Octave akasema. Alisema kwa upole, sitamsingizia. "Wanaweza kuingia. Wote."

Marcellin alikuwa anatabasamu kama mtoto aliyeleta kitu kizuri. Alikuwa amehangaika kwa ajili ya neno hilo, nilijua, mlango kwa mlango.

Mjomba Hemedi alikunja mkeka wake pole pole.

"Asante, baba. Kilio kimeisha. Muiweke hiyo ruhusa. Na nyinyi iko siku mutafiwa, itawasaidia."

Kamyo ya pamba ilikuwa inangoja. Walipanda, nikawapa mkono mmoja mmoja, na vumbi likawachukua. Watu wa cité wakatawanyika kwa kazi zao. Marcellin alinishika kiwiko, tukapita chini ya mwanzi, na Ismaël akaushusha nyuma yetu. Sasa kwa barabara ya Leta palibaki duara jeusi, na kuku wa mtu akijikung'uta ndani yake, pale palipokuwa bado na joto.

Marcellin alikwenda ofisini, kwa sababu ilikuwa siku ya kazi. Niliingia ndani. Sufuria ile ndogo ilikuwa imeoshwa. Vitu vyote vilikuwa mahali pake. Nikatoka tena.

Nikakaa kwenye trotwari. Sikutandika kitu. Nyayo zangu zilikuwa nyeusi kwa majivu, na juu ya simenti alama zake zilinifuata toka baryeri mpaka pale, mguu kwa mguu, kando ya viatu vya Marcellin ambavyo havikuacha kitu.

Régina alitoka barazani kwake. Alisimama karibu, mikono tumboni.

"Léocadie, hapa hapakaliwi."

"Najua."

"Octave anarudi saa sita."

"Najua, dada."

Alitazama kichwa changu kilichonyolewa. Alitazama alama za miguu. Nilifikiri ataleta ndoo, alikuwa mwanamke wa usafi. Akarudi ndani. Nikasikia anavyofunga madirisha ya upande wa barabara, moja, halafu lingine, ili akiulizwa aseme hakuona.

Barabara ilikuwa safi, mawe meupe, hakuna mtu anayepita. Nikaanza kumwita mama kwa jina, kama nilivyokuwa nawaita watu wa sokoni walipokuwa wakipita hapo. Niliita kwa sauti ya kawaida. Mwanvua. Mwanvua, we. Ismaël, kule kwenye mwanzi wake, aligeuka akatazama, kisha akageukia tena barabara ya Leta.