Yoeli ni wa Nani

Maziwa yalitoka Akheri yakiwa maziwa, yakafika mjini Arusha yakiwa siagi. Hiyo ndiyo taabu ya kuwa na mdogo wako anayekimbia. Mika Sumari, fundi cherehani wa barazani, kwenye duka la Kasamali, alikizibua kibuyu, akachungulia ndani, akatikisa kichwa.

"Yoeli, mama alikupa nini?"

"Maziwa."

"Na haya ni nini?"

"Ni hayo hayo, kaka. Yamechoka tu."

Aliyechoka hakuwa Yoeli. Alikuwa amesimama kwenye ngazi za baraza, miguu mirefu kama mabua ya mahindi, hata jasho halijamtoka vizuri, na lori la kahawa alilolipita njiani bila shaka lilikuwa bado linahema huko Tengeru. Mika alipaka siagi kwenye kiazi kitamu, akala huku mguu mmoja ukikanyaga cherehani. Hakuweza kusema ni mbaya. Tatizo ni kwamba tangu mdogo wake aanze mazoezi, hajapata chai ya maziwa.

Ilikuwa Jumamosi. Jumatatu asubuhi gari moshi lingewachukua wakimbiaji kwenda Tanga, kwenye mashindano ya Tanganyika nzima. Yoeli alikuwa amepata nafasi yake kihalali. Kwenye uwanja wa mjini, mbele ya watu wote, aliwaacha polisi na watoto wa shule katika maili moja, tena peku. Askari aliyekuwa wa pili alimfuata baadaye akamwomba ainue unyayo autazame, kama mtu anayekagua tairi. Lakini kamati ya michezo ilikuwa imesema wazi: haina nauli ya mtu. Kila mkimbiaji apelekwe na mdhamini wake. Na pesa za kahawa ya mama yao zilikuwa zinatoka mwezi ujao, kama zilivyokuwa zinatoka mwezi ujao tangu mvua za vuli.

"Ngoja nijaribu tena kwa karani," Mika alisema. Kasamali alimpa ruhusa bila kuinua macho kwenye mizani, kwa sharti kwamba apeleke na suruali ya karani huyo huyo, iliyokuwa tayari.

Karani wa kamati alikuwa Bwana Elinami, mtu wa Machame, msafi, mwenye tai. Aliipokea suruali, akaikunjua, akaikagua pindo, akaridhika. Kisha akaukunja uso wake.

"Fundi, nimeshakwambia. Huyu kijana ni wa nani?"

"Wa Marta, bwana."

"Marta ni kampuni?"

"Ni mama yetu."

"Sikiliza. Polisi wana Polisi. Wanafunzi wana shule. Vijana wa mkonge wana shamba lao. Hata fulana inaandikwa kifuani jina la anayekuleta, ili wazungu wajue wampigie nani makofi. Sasa huyu wako nimwandike wa nani?"

"Hawezi kuwa wa kwake mwenyewe?"

Bwana Elinami alimtazama kwa huruma ya kweli, maana hakuwa mtu mbaya. "Mwenyewe hana nafasi hapa, fundi."

Mika aliporudi barazani alikuta gari la mzungu limesimama, na mwenye gari ameketi kwenye kiti cha wateja akimtazama Yoeli kama watu wanavyotazama fahali mnadani. Mjini walimwita Bwana Kofia. Alikuwa ameleta shati lililochanika, lakini shati halikuwa shida yake.

"Mimi ona huyu kwa uwanja," alisema. "Yeye kimbia mzuri sana. Mimi lipa treni, lipa chakula, lipa viatu. Yeye vaa fulana ya shamba yangu. Kisha rudi, chukua kipande, ile kadi ya kibarua, fanya kazi kwa ng'ombe yangu. Mzuri?"

"Shamba lako liko wapi, bwana?" Mika aliuliza, ingawa alijua. Kila Mmeru alijua.

"Ngarenanyuki."

Cherehani ilikuwa imesimama, lakini Mika alikanyaga mara moja hivi, bure, sindano ikapanda na kushuka bila nguo.

Huko ndiko walikozaliwa wote wawili. Mwaka wa tatu sasa tangu serikali iwahamishe Wameru kule ili mashamba wapewe wazungu. Nyumba zilichomwa moto, ng'ombe wakaswagwa, na watu wakashuka na vitanda vichwani. Marta alirudi Akheri kwa kaka yake na wanawe wawili na sufuria moja. Mumewe hakushuka. Alikuwa amezikwa nyuma ya zizi, na kaburi halihamishiki.

"Tutafikiri, bwana," Mika alisema.

"Fikiri upesi. Jumatatu treni haifikiri."

Jioni walipanda pamoja kwa miguu, Yoeli akijilazimisha kutembea ili kaka yake asibaki nyuma. Walipovuka mto wa pili, akasema, "Kaka, fulana ni fulana."

Mika aliongeza hatua.

"Nitaivaa dakika tano tu. Si zaidi ya tano. Nikikimbia vizuri ni chini ya hapo."

"Na kipande? Nacho dakika tano? Utachunga ng'ombe wake juu ya baba?"

Yoeli alipiga jiwe teke, likaruka mbali. Alikuwa na miaka kumi na minane, na hakuna kitu kingine duniani alichowahi kukipata kwa kuwa wa kwanza. "Basi niambie mdhamini mwingine ni nani," alisema kwa sauti ndogo. "Niambie tu, niende kwake mbio."

Mika akamshika shingo kwa nyuma, kama alivyokuwa akimshika alipokuwa mdogo, wakaenda hivyo mpaka migombani.

Marta alisikia habari yote akiwa amechuchumaa mbele ya moto. Hakulia wala hakukasirika. Aliuliza tu, "Huyo Kofia, zizi amelibomoa?" Hakuna aliyejua. Akainuka, akachukua panga, akaenda mgombani akakata mkungu mkubwa kuliko wote, ule aliokuwa akiutunza.

Jumapili, baada ya ibada, sadaka za mazao zilinadiwa nje ya kanisa kama kawaida: mayai, jogoo mmoja mwenye hasira, maboga, na mkungu wa Marta. Mnadishaji alikuwa mzee wa kanisa Ephraimu, ambaye angeweza kuuza boga kwa mtu mwenye shamba la maboga. Mkungu ulichukuliwa na Tabea, muuguzi wa hospitali ya Nkoaranga. Alilipa, pesa ikaingia kwenye sahani ya Bwana. Ndipo Tabea akasema:

"Naurudisha. Unadi tena, mzee."

Hilo halikuwa jambo geni. Mtu akinunua, akapenda, hurudisha, kitu kikauzwa mara ya pili kwa utukufu wa Mungu. Ephraimu alishaanza kufungua kinywa.

"Lakini safari hii ni kwa ajili ya Yoeli wa Marta. Aende Tanga."

Kinywa kikafungwa. "Dada Tabea, hapa tunamuuzia Bwana. Hatuuzii mbio."

"Bwana ameshalipwa, mzee. Uliona mwenyewe. Sasa hizi ndizi ni za nani?"

Ephraimu akatazama sahani, akatazama ndizi. "Ni... zako."

"Basi nadi ndizi zangu."

Watu wakacheka, na kicheko kikamshinda mzee. Akanadi. Mkungu ukanunuliwa, ukarudishwa. Ukanunuliwa na kwaya, kwaya ikaurudisha. Hawa walikuwa watu waliokwishachanga hadi mwenzao akavuka bahari kwenda Amerika kuisemea ardhi yao mbele ya mataifa. Tanga ilikuwa nini? Aliyekosa pesa alitoa yai, yai likanadiwa. Kufikia adhuhuri mkungu ulikuwa umepita mikono mingi hivi kwamba ndizi zilikuwa zimeanza kudondoka, na watoto walikuwa wanakula mtaji. Mwisho Ephraimu mwenyewe aliununua mkungu huo, kikonyo kilichobaki na ndizi chache zilizopondeka, kwa bei iliyomfanya mkewe ashike kichwa.

"Huu siurudishi," alisema. "Ni wangu. Nimeteseka nao vya kutosha."

Nauli ilipatikana na chakula kikapatikana. Viatu havikupatikana, lakini Yoeli alisema viatu vingemchelewesha.

Alasiri Mika alikaa mlangoni na kipande cha amerikani kizito alichokuwa amekinunua kwa Kasamali, na kitambaa chekundu cha mwavuli uliokufa. Alikuwa anashona kwa mkono, maana cherehani ilikuwa imefungiwa dukani.

"Kushona Jumapili?" Marta alisema.

"Ni ng'ombe aliyetumbukia kisimani, mama. Yesu aliruhusu."

Yoeli aliinama begani kwake akisoma herufi zilizokwishashikizwa, kutoka kwapa moja hadi jingine. Alizipitisha kidole moja moja mpaka akaelewa. Kisha akasema, "Kaka, si wangetufukuza mahali penye jina fupi?"

Wakacheka wote watatu mpaka Marta akajifuta macho kwa pindo la khanga, akaendelea kuyafuta hata kicheko kilipokwisha.

"Lakini mbona umekata herufi nyingi hivyo?" akauliza. Macho yake hayakuona vizuri tena, lakini vidole vilijua rundo. "Hizi zinatosha fulana mbili."

"Fundi hukata za akiba," Mika alisema.

Jumatatu stesheni ilijaa. Polisi walikuwa na fulana za POLISI, wanafunzi na za shule. Bwana Elinami, ndani ya suruali yake mpya, alipita akihakiki watu wake, na alipofika kwa Yoeli akasimama.

NGARENANYUKI, fulana ilisema.

"Ahaa. Kwa hiyo mmekubaliana na Bwana Kofia."

"Hapana, bwana," alisema Mika. "Amepelekwa na mkungu wa ndizi."

"Usinichezee, fundi. Nani amelipa?"

"Watu. Watu wa huko, na jamaa zao."

Bwana Elinami alitazama kushoto na kulia, akashusha sauti. "Huko hakuna watu tena. Hilo si jina la mdhamini, hilo ni jina la kesi. Akitokea nalo mbele ya wakubwa Tanga, mimi nitaulizwa. Mwambie aivue."

"Akimbie kifua wazi?"

"Basi aigeuze! Ndani iwe nje. Sasa hivi, mbele yangu."

Yoeli alimtazama kaka yake. Mika aliinamisha kichwa kidogo: geuza. Kijana akaivua fulana pale pale kwenye umati, mbavu zikahesabika, akaigeuza ndani nje, akaivaa tena.

NGARENANYUKI, fulana ilisema. Herufi zile zile, nyekundu zile zile, zimekaa sawasawa kutoka kwapa hadi kwapa.

Askari mmoja alikohoa ili asicheke. Bwana Elinami aliinua pindo la fulana, akachungulia ndani.

"Nani ameshona upuuzi huu?"

"Mimi, bwana. Pindo la suruali limekaa vizuri?"

"Afunike na koti basi!"

"Hana koti. Tungekuwa na koti, tungelipeleka mnadani."

Kengele ikalia. Karani alitazama gari moshi, akamtazama yule kijana aliyewaacha wote, akatazama suruali yake. "Nikiulizwa Tanga," alisema hatimaye, akiwa ameshawapa mgongo, "mimi nilikuwa nahakiki wanafunzi."

Yoeli alipanda behewa la daraja la tatu. Marta akampitishia kibuyu dirishani. "Keti nacho," alimwonya. "Usikimbie nacho hata ndani ya gari."

Gari likavuta, likajikokota. Yoeli alisimama dirishani, kifua mbele, akipunga mkono mpaka wakawa hawamtambui usoni. Marta alikuwa amekunja macho, akijaribu.

"Linasomeka?" aliuliza.

"Linasomeka, mama."

"Pande zote?"

"Pande zote."