Kachumbari ya Saodat

Siku ya kumi na moja ya zile siku arobaini za joto kali, saa sita mchana, Saodat aliketi chini ya mzabibu uani na kuanza kukata kachumbari. Pilau ilikuwa imeshafunikwa. Kitunguu alikuwa amekikata mapema, akakifikicha kwa chumvi na kukisuuza katika maji baridi mara tatu mpaka ukali ukaisha. Nyanya hakuzikatia juu ya kibao, kwa sababu kibao hunywa maji ya nyanya. Alizishika kiganjani moja moja, zile kubwa za rangi ya waridi, akapitisha kisu kuelekea dole gumba bila kuligusa. Hakutia mafuta wala siki. Pale mtaani kwao, mjini Rishton, watu walisema ukiweka gazeti chini ya kipande cha nyanya cha Saodat, utalisoma.

Nyanya ya kwanza ilikwenda sahanini bila neno. Kipande cha kwanza cha nyanya ya pili alikiinua kwenye mwanga ili aone kama kina doa, akaona jiko.

Lilikuwa jiko dogo la ghorofani, lenye meza iliyotandikwa kitambaa cha plastiki cha njano na sufuria ya bluu dirishani. Mezani alikaa Ergash, mume wake, kwa fulana na ndara, maana ilikuwa Jumapili. Ergash alikuwa fundi wa plasta mjini Saratov, huko Urusi. Ulikuwa mwaka wake wa saba huko, na kila kipupwe kilipoanza alirudi nyumbani wiki tatu. Nyuma yake alisimama mwanamke mwenye nywele za rangi ya majani makavu. Mkono mmoja ulikuwa begani kwa Ergash, na kwa mkono wa pili alikuwa akikoroga matango katika maziwa ya mgando.

Saodat alikilaza kipande kile sahanini, akakata kingine. Jiko lilikuwa lile lile, ila sasa mwanamke alikuwa amekaa.

"Mama," alimwita mama mkwe wake. "Njoo utazame."

Inobat alikuja akijifuta mikono. Alikuwa mjane wa miaka sitini na minne, na Ergash alikuwa mwanawe wa pekee, hakumzalia kaka wala dada. Alikishika kipande kwa ncha za vidole na kufumba jicho moja.

"Amenenepa," alisema.

"Nani?"

"Ergash. Na matango hayo yamekatwa kama kuni."

Kisha akakitia kipande mdomoni, akakitafuna na kukimeza. Saodat aliona kwamba hakuuliza yule mwanamke ni nani.

Akakata cha tatu. Hiki kilielekea pembeni mwa jiko, na pembeni palikuwa na kitanda cha mtoto mchanga, cha mbao, cha kubembea, kimepakwa rangi nyekundu. Kwenye ubao wa kichwani palichorwa matofaa matano, manne mekundu na moja la bluu. Saodat alilijua tofaa la bluu. Baba yake mwenyewe alilipaka mwaka ule wa harusi, rangi nyekundu ilipomwishia, na kitanda kile kikawekwa stoo kumsubiri mtoto wa kwanza. Miaka miwili iliyopita Inobat alisema mchwa wamekila, na kwamba amekichoma moto. Sasa ndani yake alilala mtoto wa kike ambaye nyusi zake zilikutana katikati, kama za Inobat.

"Mama, kile kitanda si ulisema kililiwa na mchwa?"

Inobat alikuwa akimimina chai. "Mchwa walikuwa wameanza."

"Kimefikaje Saratov?"

"Kwa gari moshi."

Saodat alikata vipande viwili zaidi, akavipanga.

"Kilikaa bure miaka mitano, mwanangu," Inobat alisema. "Kitu cha mtoto kikikaa bure kinaleta nuksi."

"Mtoto haji kwa simu, mama."

"Nami sikukulaumu. Kula, pilau inapoa."

Saodat alitia kitunguu, pilipili, na rihani aliyoichana kwa mkono. Alikula. Kachumbari ilikuwa nzuri kama siku zote.

Tangu siku hiyo hakungoja tena saa sita. Alianza kukata saa nne, wakati jua lilikuwa bado halijauvuka ukuta wa uani. Alinunua nyanya kwa ndoo. Siku za kazi Ergash hakuwepo jikoni, alikuwepo mwanamke na mtoto tu, lakini Saodat alitazama vile vile. Wivu ulimfundisha kuangalia kama alivyofundishwa kukata, kidogo kidogo na bila kukurupuka. Alijua kwamba mwanamke ana magauni manne. Alilichukia zaidi lile la kijani, kwa kuwa zipu yake ilikuwa mgongoni na aliyeifunga alikuwa Ergash. Alijua kwamba wakikaa mezani mwanamke huvua ndara na kuweka unyayo wake juu ya mguu wa Ergash, na kwamba Ergash hauondoi mguu. Nyumbani Rishton, katika zile wiki tatu za baridi, Ergash alilalamika kwamba miguu ya Saodat ina baridi.

Nyumba ilikula kachumbari asubuhi, mchana na jioni.

Jirani yao Tojinisa, ambaye mume wake pia alikuwa Urusi, alisikia habari hiyo akaja na nyanya zake mwenyewe kwenye aproni.

"Nikatie nami, shoga, nimwone wangu."

Saodat alimkatia. Tojinisa alikiinua kipande.

"Huyu ni wako."

"Zote zinaonyesha wangu."

"Hebu kigeuze."

Alikigeuza. Ergash alikuwa akimfunga yule mwanamke zipu. Tojinisa alitazama kwa muda, kisha akajaribu kukata mwenyewe, lakini vipande vyake vilikuwa vinene na ndani yake aliona vidole vyake tu.

"Una bahati," alisema akikusanya nyanya zake. "Wako angalau unajua amekula nini."

Jumapili iliyofuata Saodat alimpigia mume wake simu, kisu kikiwa mkono wa pili na kipande kikiwa kimebandikwa kwenye bilauri mbele yake.

"Nakuona," alisema. "Umevaa fulana niliyokununulia mimi."

Ndani ya nyanya Ergash aliinuka mezani akasogea dirishani.

"Mama aliniambia," alisema. "Nyanya, sivyo?"

"Nyanya. Anaitwa nani?"

"Galya."

"Na mtoto?"

Ergash alikuna shingo. "Inobat. Tumempa jina la mama."

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Wewe uko nyumbani, Saodat. Wewe ndiye mke wangu wa nyumbani. Nani mwingine angemtazama mama?"

"Nilikuja kuolewa, Ergash, sikuja kuajiriwa."

"Usiseme hivyo. Mbona mama anakusifu kila siku?"

Saodat alitazama mgongo wa mumewe ndani ya nyanya. Galya alipita nyuma yake na beseni la nguo, na Ergash, bila kugeuka, akasogeza kiuno kumpisha. Walikuwa wameshazoeana kiasi hicho. Saodat akakata simu, akakila kile kipande bila chumvi.

Baadaye kidogo alipata furaha ya wiki moja. Galya alijaribu kumtengenezea Ergash kachumbari ya kwao. Saodat alimwona akikatia nyanya juu ya kibao, vipande vinene kama soli ya kiatu, maji yote yakimwagika, na kitunguu hakukiosha kabisa. Ergash alionja, akakunja uso, akaisukuma sahani mpaka katikati ya meza. Saodat alikata nyanya nne nzima apate kuiona ile sahani jinsi ilivyoachwa. Usiku huo alilala usingizi mzito, na asubuhi akafagia ua wote mpaka barabarani akiimba.

Ijumaa alirudi kutoka sokoni akamsikia Inobat ndani akiongea na Ergash kwa simu, polepole na kwa sauti kubwa, kama mtu anayezungumza na asiyeijua lugha.

"Mwambie asikatie kibaoni. Kiganjani. Ndiyo, kiganjani. Kitunguu akifikiche kwa chumvi, maji baridi, mara tatu. Siyo mbili, tatu. Rihani asiikate kwa kisu, aichane. Na siki asitie hata tone." Akasikiliza. "Nani kanifundisha? Si huyu huyu wa hapa."

Saodat aliweka ndoo chini mlangoni. Kitanda alikuwa amekivumilia. Zipu na ule unyayo alivivumilia pia. Lakini kusuuza mara tatu alifundishwa na bibi yake akiwa na miaka saba, na mkono wake wa kushoto ulikuwa na makovu kumi na tisa ya kujifunza kukata kiganjani. Hakuwa na kitu kingine ambacho Ergash alikipenda na ambacho kilikuwa chake peke yake. Akafunga nguo zake kwenye shuka, akapanda basi kwenda kwao Kokand.

Mama yake alimpokea vizuri. Siku ya kwanza alilia naye, na siku ya pili akamtaka akate kachumbari, ili na yeye aone. Kaka yake Saodat alitazama pia.

"Jiko lao lina gesi ya bomba," alisema kaka. "Ergash ni mchapakazi, huo ndio ukweli."

"Kitanda kile kilikuwa chetu," alisema Saodat.

"Kitanda ni mbao, dada yangu. Mimi sitaki kugombana na watu kwa ajili ya mbao."

Siku ya tisa mama yake alimfungia mikate katika kitambaa. Alisema chumba anacholala kinatakiwa, mke wa kaka atapata wageni. Alisema pia kwamba mwanamke aliyeachwa na mwanamke aliyesahauliwa wote hupika, ila aliyesahauliwa anapika kwake.

Inobat hakumuuliza alikuwa wapi. Alimwonyesha tu ndoo mbili za nyanya alizonunua, nyingine zimeanza kulainika.

"Nimekaa siku tisa bila kumwona mtoto," alisema. "Nimejaribu kukata mwenyewe, macho hayaoni tena, nimejikata hapa na hapa. Nasikia ameota jino."

Saodat aliviona vidole vyake vilivyofungwa vitambaa, akanawa mikono.

Siku tatu alikata nyanya nene makusudi, kipande kimoja kikijaza mdomo. Inobat alizila bila kulalamika, lakini aliziinua kwanza moja moja kwenye mwanga na kuzishusha, na baada ya chakula alibaki amekaa akiitazama sahani tupu. Siku ya nne walikuja wageni, wanawake sita wa mtaani. Mbele ya wageni Saodat hakuweza kukata vibaya. Mikono yake ilikata kama ilivyozoea.

Kipande cha kwanza kilionyesha Galya amesimama karibu na dirisha na nyanya kiganjani. Alikuwa akikata kuelekea dole gumba, polepole, ulimi ukimtoka pembeni mwa mdomo. Vipande vyake vilikuwa vyembamba. Saodat alivitazama kwa jicho la fundi akitafuta kosa. Hakuliona, na hilo lilimuuma kuliko yote.

Kisha Galya akainua kipande kwenye mwanga ili aone kama kina doa.

Wakatazamana. Galya alikuwa na macho ya kijivu na chembe za unga shavuni. Hakurudi nyuma wala hakukunja uso. Alitabasamu kwa adabu, kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza ndugu aliyesimuliwa habari zake mara nyingi. Akaenda kwenye kile kitanda, akamwinua mtoto, akamshika kifundo cha mkono na kumpungisha kuelekea kwenye nyanya. Midomo yake ilisema neno moja, ikalirudia ili mtoto alishike.

"Anasema nini?" aliuliza Saodat.

Inobat alikuwa ameshainama begani kwake, kidevu karibu kimguse.

"Anasema shangazi. Mpungie shangazi."

"Shangazi wake ni nani?"

"Ergash alimwambia wewe ni dada yake," alisema Inobat. "Alisema hajaolewa, anakaa na mama. Ni rahisi hivyo kwa watu wote. Tazama, jino lile pale."

Wanawake waliokuwa wamekaa walisogea nao, wakatazama, wakasema mtoto ni mzuri, mashaallah, nyusi ni za bibi yake mtupu. Tojinisa aliomba apishwe. Ndani ya nyanya mkono mdogo uliendelea kupunga juu na chini.

"Mjibu basi," alisema Inobat. "Mtoto anasubiri."

Saodat aliweka kisu kwenye sahani na kupunga mkono, ambao ulikuwa umelowa maji ya nyanya hadi kwenye kiwiko. Alipunga mpaka mtoto alipocheka. Kisha akampa Inobat kile kipande akitazame vizuri, akachukua nyanya nyingine, maana wageni walikuwa sita na sahani ilikuwa bado haijajaa.