Kivuli cha Uwanja Namba Mbili

Tawi la tatu la klabu ya afya na raketi lilifunguliwa Mgogoni siku ya Jumatatu, likiwa na jimu, bwawa la kuogelea na viwanja vinne vya tenisi. Saa sita na robo mchana daktari wa meno kutoka Wete alicheza seti moja uwanja namba mbili, kisha akalalamika mapokezi kwamba kivulini mpira hauonekani vizuri. Meneja, Samiha, alitoka kutazama. Uwanjani hapakuwa na mti hata mmoja. Kivuli kilikuwapo, cha mikarafuu kumi na mmoja, kila mmoja na shina lake, na kilisogea kwa kufuata jua kama kawaida. Samiha aliandika katika daftari la matengenezo: "Kivuli, uwanja wa 2. Hakuna hatua."

Mikarafuu hiyo ilikatwa miezi minane nyuma. Kampuni yenye klabu ilinunua ardhi kwa mwenyeji mmoja, Himid, kwa hati safi yenye muhuri. Hati ilitaja ardhi tu. Pemba mtu anaweza kumiliki ardhi na mwingine akamiliki miti iliyo juu yake, na kila mtoto wa Mgogoni analijua hilo. Mwanasheria wa kampuni hakuwa mwenyeji wa kisiwa, hakuuliza, na Himid hakusema asiloulizwa. Miti mingi ilikuwa yake mwenyewe. Ile kumi na mmoja ilikuwa ya shemejiye, Bi Kazija, aliyeipanda pamoja na marehemu mumewe.

Alhamisi Bi Kazija aliingia kwa mlango wa wanachama, akatandika mkeka nyuma ya mstari wa mwisho, akaanza kusuka ukili wa mkeka mwingine.

"Shikamoo, Bi Kazija," Samiha alisema. "Hapa ni pa wanachama."

"Marahaba, mwanangu. Chini penu, kivuli changu."

"Na mpira ukikupiga?"

"Miti hii imeshaniangushia wachumaji wawili mgongoni, sembuse hayo mandimu yenu!"

Samiha aliipitia kanuni ya klabu, hakuona kifungu kinachohusu kivuli cha mtu, akarudi ofisini.

Hali ya kampuni wakati huo haikuwa nzuri. Matawi ya Chake Chake na Wete yalikuwa matupu kuanzia saa nne asubuhi hadi alasiri kwa sababu ya jua. Uwanja namba mbili, kinyume chake, ulijaa saa hizo hizo, na watu waliandikisha nafasi wiki mbili mbele. Lakini mkurugenzi, Abdulnasir, aliyeanza biashara na chumba kimoja cha skwoshi, alikuwa ameshaagiza mabati ya kuezeka viwanja vyote vya Mgogoni kabla ya masika.

Bi Kazija aliyaona mabati yakishushwa. Alikwenda ofisini bila kuvua kandambili.

"Ardhi mumechukua. Miti mumekata. Mukiezeka, jua halifiki chini, na kivuli hiki nacho kimekwisha. Mimi nimebakiwa na nini?"

Samiha alimpelekea Abdulnasir jedwali la saa za uwanja namba mbili, ukurasa mmoja. Siku ya pili mabati yalipakiwa tena, yakapelekwa Chake Chake.

"Alhamdulillahi," alisema Bi Kazija alipoambiwa. Alijinyoosha mkekani akalala hadi adhana ya alasiri. Wachezaji walihesabu pointi kwa sauti ya chini.

Mwaka uliofuata kampuni ilinunua shamba Konde, ikakata mikarafuu arubaini na kufungua tawi la nne. Kivuli hakikutokea. Abdulnasir alisimama katikati ya uwanja saa saba mchana, kichwa wazi, akampigia simu Samiha.

"Yakhe, huku kuna nini? Tumekata vile vile."

"Miti ya Konde ilikuwa ya aliyeuza, bosi. Karidhia, na kivuli kimeondoka na magogo. Bi Kazija hajaridhia."

Abdulnasir alipumua kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Kumbe ni hilo tu."

Wiki hiyo fomu ya kununulia ardhi iliongezwa swali la kumi na nne: je, miti ni ya muuzaji? Maofisa walielekezwa kuuliza kwa adabu na kuandika jibu kwa wino. Tangu hapo, shamba ambalo jibu lake ni "ndiyo" halijanunuliwa.