Ripoti ya Koplo Okiror

Mimi Adeke nimekuwa mke wa Okiror tangu mwaka wa arobaini na nane, na katika miaka yote hiyo mume wangu na mama yangu mzazi hawajatazamana usoni hata mara moja. Si ugomvi. Kwetu Wateso mkwe na mama mkwe wake huheshimiana kwa kukwepana. Wakiwa karibu kukutana njiani, mmoja anaingia mahindini na mwingine anajifanya anatafuta kuni. Hawali pamoja, hawakai nyumba moja, hawasemezani. Kati yao wananituma mimi. Mama akitaka paa lake liezekwe, ananiambia, namwambia Okiror, na Okiror anangoja mama aende soko la Amukura ndipo apande juu ya nyumba. Nimebeba salamu, pole na kuku wengi kuliko basi la Busia.

Heshima hiyo nzuri ndiyo iliyomtesa mama yangu, Amuron.

Baba yangu, Ojakol, alikwenda vita vya Burma nikiwa na miaka kumi. Alikwenda pamoja na Okiror, kijana wa kijiji cha pili. Okiror alirudi mwaka wa arobaini na saba, peke yake, anachechemea. Aliwaambia wazee kwamba Ojakol amekufa, akanyamaza. Kabla mama hajapata nguvu ya kumwita na kumwuliza, ng'ombe wake wa mahari wakawa uani kwetu. Basi fikiria. Mtu mmoja tu katika Malaba nzima alijua baba alikufa vipi, na huyo huyo akawa mtu ambaye mama hawezi kusema naye mpaka kaburini.

Mama alinituma. Nikamwuliza mume wangu, akajibu, "Mwambie alikufa vizuri."

Mama alisonya. "Hakuna anayekufa vizuri. Alikuwa na mtu karibu? Alizikwa, au alilala nje?"

Nikarudi na maswali, nikamkuta Okiror ana ng'ombe wa kukamua. Kesho yake alikuwa na ua wa kurekebisha. Mwaka ukaisha hivyo, na mingine ikafuata. Nilimkasirikia sana mtu huyo, ingawa alikuwa mpole na mchapakazi, na labda nilimkasirikia zaidi kwa sababu hiyo. Watu nao midomo yao haina pazia. Walisema Ojakol alitoroka jeshini, kaoa huko Burma, ana watoto wenye nywele za singa. Mama alikataa kurithiwa na shemeji yake kwa sababu hakujua kama yeye ni mjane au ni mke aliyeachwa.

Mwaka wa sabini na tano, chifu alikuja kwenye hoteli yangu ya chai pale Malaba, akavua kofia.

"Mama Petronilla, kuna barua ya baba yako."

Nilidhani amelewa. Kumbe baba alijiandikisha Tororo, enzi ambazo kuvuka mto kwenda Uganda kulikuwa kama kuvuka uwanja wa jirani. Nishani zake zikapelekwa huko, zikalala katika kabati la ofisi fulani mpaka mtu fulani mwenye huruma akafungua kabati. Barua ilisema serikali itamkabidhi mjane wake nishani hizo kwa heshima za kijeshi. Wanasema subira yavuta heri, lakini miaka thelathini na mmoja si subira, ni dharau. Hata hivyo niliishika ile barua nikalia juu ya maandazi.

Mama hakulia. Aliuliza jambo moja tu. "Wameandika alikufa vipi?"

Hawakuwa wameandika. Waliandika namba yake, jina lake, na neno Burma.

Siku ya sherehe, uwanja wa kambi ya chifu ulijaa. Malori ya kwenda Uganda yalikuwa yamepanga foleni hadi huko, na maturniboi, wasaidizi wa madereva, walikuwa juu ya maturubai wakitazama bure. Chifu alikuwa barabarani akiwabembeleza madereva wazime injini. Kwa hiyo aliyepanga viti ni bwana DO, mkuu wa tarafa, kijana wa Ukambani, msafi, mwenye haraka. Alikuwa ameambiwa kwamba yuko askari aliyepigana pamoja na marehemu. Akafurahi. Akaweka viti viwili mbele, vimegusana, akasema kwa kipaza sauti, "Mjane akae hapa. Na Koplo Okiror akae hapa kando yake, amshike mkono!"

Uwanja mzima uliguna kwa pamoja. Mama alijifunika leso kichwa kizima. Mume wangu, mtu wa miaka hamsini na kitu, mwenye goti bovu, alikimbia kama sungura akajificha nyuma ya lori la chumvi. Maturniboi wakapiga miluzi.

"Sasa nyinyi mna shida gani?" DO akauliza.

Nilisimama nikamweleza. Aliona haya mpaka nikamhurumia. "Pole, mama. Basi huyo mzee aache tu. Tutaendelea bila yeye."

Nilimwona mama chini ya ile leso akiinamisha kichwa. Nilijua anawaza nini: hata leo sitajua.

Aliyetuokoa alikuwa Sajini Simiyu, Mbukusu mzee aliyekuja na wastaafu wenzake kupiga saluti. Alimsogelea DO. "Bwana DO, hata sisi Wabukusu tuko na hayo mambo. Mimi mwenyewe sijaona mama mkwe wangu. Lakini askari mwenzake ikikufa, yeye lazima alete ripoti. Huyu hakuleta. Na ripoti hapana pelekea mama mkwe. Ripoti inapelekwa kwa afande."

Kisha akageukia lori la chumvi, akatoa sauti ambayo sikudhani iko ndani ya kifua chembamba namna ile.

"Koplo Okiror! Kuja hapa! Mbio!"

Sijui jeshi hufanya nini na miguu ya watu. Okiror alitokea, akatembea wima, goti bovu na yote, akipita mbali na kiti cha mama. Akasimama mbele ya DO, mgongo wake umemgeukia mama kabisa. Akapiga saluti.

"Ripoti, afande. Kifo cha Ojakol."

DO alimtazama sajini. Sajini akamwashiria kwa kidevu. "Toa ripoti," DO akasema taratibu.

"Ilikuwa bonde la Kabaw, afande, mwaka wa arobaini na nne. Mvua ilikuwa hainyamazi. Mimi nilipigwa risasi ya goti. Amri ilikuwa, mwenye hawezi kutembea angoje machela. Machela haikuja. Ojakol akasema yeye hangoji. Alinibeba kwa mgongo, toka asubuhi mpaka jua likafika hapa." Akaonyesha juu ya kichwa chake. "Matope ilikuwa ya magoti. Nikamwambia niweke chini, utakufa. Akasema nyamaza, wewe ni mwepesi kuliko gunia ya wimbi."

Mtu mmoja alicheka, akajizuia.

"Tulifika kwa mto. Akaniweka nyuma ya gogo, akaenda kunitekea maji. Kombora ikaanguka hapo ameinama." Akanyosha mgongo. "Nilitambaa mpaka kwake. Hakukufa haraka. Lakini hakuwa peke yake, afande. Kichwa yake ilikuwa hapa, kwa paja yangu. Aliongea juu ya bibi yake. Alisema, Amuron anaogopa radi, mvua ikianza nani atakaa na yeye?"

Nilimgeukia mama. Leso ilikuwa imeanguka mabegani. Kwamba mama yangu huogopa radi, hilo halijui mtu asiyelala nyumba moja naye.

"Nilichimba na bayoneti na kofia ya chuma. Nilimzika mimi mwenyewe, nikapanga mawe juu, hakuna mnyama alimgusa. Sikusema, afande, kwa sababu yeye alikufa akinitekea maji. Nilimwoa mtoto wake. Ningekula aje chakula yake akijua? Nilificha. Hilo ni kosa yangu. Ripoti imekwisha."

Sitaficha na mimi: nilitaka kumpiga. Miaka ishirini na saba nimemtengea mtu huyu chakula, na kila siku alikuwa akiogopa uso wangu. Halafu nikakumbuka kwamba bila goti lile na mgongo ule nisingekuwa na mume, wala Petronilla na wadogo zake, na nikawa sijui nimkasirikie nani. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, mbele za watu, bila kujali.

Mama alisimama. Alizunguka kwa mbali ili asimwone mkwewe usoni, akamfikia DO kwa upande. DO akambandikia zile nishani mbili kifuani. Wastaafu wakapiga saluti, hata wale wa magongo. Mama akarudi kwenye kiti chake, nyuma ya mgongo wa Okiror. Ndipo akasema, kwa Kiteso, macho yake kwa DO asiyejua hata neno moja la lugha hiyo.

"Eyalama noi," alisema. Ahsante sana. DO akaitikia kwa kichwa. "Mwambie askari wako kwamba ripoti imefika. Mwambie hana kosa kwangu. Ojakol aliuliza nani atakaa nami. Na huku alikuwa ameshamleta mtu huyo mgongoni."

Okiror hakugeuka. Alilia vile vile akiwa wima, mikono imebana mapajani kama walivyomfundisha, na mama alikaa nyuma yake akimsikiliza mpaka alipomaliza.